Adabu kwa Kisicho Mtu: Uhakiki wa Suala la Mashine Zizungumzazo

Utangulizi

Mwezi wa Aprili 2025 mtu mmoja aliuliza hadharani ni umeme wa fedha ngapi unaotumika kwa sababu tu watu huiambia mashine iitwayo ChatGPT "tafadhali" na "asante". Sam Altman, mkuu wa kampuni ya OpenAI iliyoiunda mashine hiyo, alijibu, nusu kwa mzaha, kwamba ni makumi ya mamilioni ya dola, na kwamba fedha hizo zimetumika vyema. Jibu hilo fupi liliamsha mjadala mkubwa. Upande mmoja walisimama waonao kwamba kuishukuru mashine ni sawa na kuliamkia jembe kabla ya kulima. Upande wa pili walisimama waonao kwamba mwenye kuzoea kuamrisha bila adabu, hata kama anachokiamrisha ni chuma, mwishowe atawaamrisha watu vivyo hivyo.

Makala haya hayakusudii kuhesabu gharama ya umeme. Nakusudia kulitazama suala hili kwa jicho la mhakiki wa lugha na fasihi, kwa kuwa adabu hukaa katika maneno, nayo maneno ndiyo kazi yetu. Nitazitazama kazi tatu za fasihi, yaani Pygmalion ya Bernard Shaw, R.U.R. ya Karel Čapek, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, pamoja na ile lugha ya amri iliyosemwa na masetla katika nchi hii. Dai langu ni kwamba mashine izungumzayo yafaa isemeshwe kwa adabu, lakini haistahili kupewa heshima. Na kwamba tusipoyatenganisha mambo haya mawili, kuna watu ambao heshima yao itapotelea njiani.

Nisemapo "mashine izungumzayo" nina maana ya programu ya tarakilishi ambayo hupokea maneno ya mtu na kuyajibu kwa maneno, kwa maandishi au kwa sauti. Wengine huiita chatiboti.

Adabu na heshima

Maneno haya mawili yametujia kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku huchukuliwa kama pacha. Lakini tukiyachunguza matumizi yake twaona kwamba Kiswahili kimeyatenga. Heshima hupewa mtu, huwekwa, hulindwa, na huvunjwa. Twasema "amemvunjia mzee heshima", na kila asikiaye ajua kwamba kilichovunjwa kilikuwa mali ya mzee. Adabu haiendi hivyo. Hakuna asemaye "amemvunjia mzee adabu". Mtu huwa na adabu, hukosa adabu, au hutiwa adabu; na anapoikosa, upungufu ni wake yeye mwenyewe, hata kama aliyetukanwa hakusikia neno lolote. Kwa kifupi, heshima huhesabiwa kwa mpokeaji, na adabu huhesabiwa kwa msemaji.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika salamu. Kijana asemapo "Shikamoo", mzee hujibu "Marahaba". Wengi hulitazama tendo hili kama mzigo wa kijana peke yake, lakini anayeitika marahaba naye amejifunga. Amekubali kwamba yeye ni mkubwa, na mkubwa ana kazi: kuonya, kupatanisha, kusikiliza shida, na kutoona haya kuulizwa. Mzee aitikiaye marahaba kila siku kisha akakimbia siku ya msiba husemwa vibaya, na husemwa kwa haki. Heshima basi ni mapatano ya pande mbili.

Mashine yaweza kuandika "Marahaba, mwanangu" kabla mtu hajakunja ukope. Lakini haikupokea mzigo wowote. Haitahudhuria mazishi, haitaona haya ikikosea, wala haitaulizwa kesho kwa nini jana ilitoa shauri baya. Kwa sababu hiyo nasema haistahili heshima. Hili halina maana kwamba mashine ni kitu kiovu au duni. Kikapu nacho hakistahili shikamoo, na hakuna anayekionea kikapu.

Lakini je, adabu nayo iondolewe? Hapa yafaa tutazame namna Kiswahili kinavyoomba, maana wengi hudhani kwamba adabu yote imo ndani ya neno "tafadhali". Asemaye "Lete maji" ameamrisha. Asemaye "Niletee maji" ameamrisha pia, ila amejitia ndani ya tendo, na maji sasa yaletwa kwa ajili ya mtu. Asemaye "Uniletee maji" ametumia umbo la kitenzi ambalo huacha mlango wa hiari wazi. "Naomba uniletee maji" lakiri kwamba msemaji ndiye mhitaji. Na asemaye "Ungeniletea maji kidogo" hapimi maji kwa lile neno "kidogo". Apunguza uzito wa ombi lake begani mwa mwenziwe. Ngazi zote hizi zimepandwa bila "tafadhali" hata moja. Kinyume chake, sote twajua kwamba "Tafadhali sana!" ikisemwa kwa sauti fulani ni onyo, na atakayeendelea atajuta.

Adabu ya Kiswahili, basi, imo katika viungo vya kitenzi. Ni mazoea ya ulimi. Kwa hiyo swali la iwapo tuwe na adabu mbele ya mashine ni swali la mazoea gani tunayatia katika ulimi wetu wenyewe.

Eliza wawili

Mashine ya kwanza ya namna hii kupata sifa iliundwa na Joseph Weizenbaum katika chuo cha MIT, Marekani, kati ya mwaka 1964 na 1966. Aliipa jina ELIZA. Programu hiyo ilikuwa nyepesi sana. Katika umbo lake lililojulikana zaidi iliiga mganga wa nafsi ambaye hurudisha maneno ya mgonjwa kwa njia ya swali. Tungeiga mfano wake kwa Kiswahili, mtu angeandika "Nimechoka na kazi yangu", nayo ingejibu "Kwa nini umechoka na kazi yako?" Haikuwa na zaidi ya hayo. Hata hivyo Weizenbaum alisimulia, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976, kwamba katibu wake, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amemwona akiiunda programu hiyo, aliandikiana nayo maneno machache, kisha akamwomba mwajiri wake atoke chumbani. Alitaka faragha. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum, na kwa muda uliosalia wa maisha yake alikuwa mmoja wa waonyaji wakali wa mashine za aina ile aliyoianzisha.

Wanaosimulia kisa hiki husahau kulichunguza jina. ELIZA ilipewa jina la Eliza Doolittle, muuza maua katika mchezo wa Pygmalion, ambao ulichezwa kwanza Vienna mwaka 1913 na kisha London mwaka 1914. Weizenbaum alilichagua kwa sababu programu yake, kama yule binti, ingeweza kufundishwa kusema vizuri zaidi kila mara. Ulinganisho huo ni sahihi mpaka hapo. Lakini mchezo wenyewe una jambo zito kuliko kufundishwa kusema.

Profesa Higgins, bingwa wa sauti za lugha, anafanya sharti na Kanali Pickering kwamba katika muda wa miezi sita ataweza kumfundisha muuza maua huyu hata watu wamdhanie kuwa ni bibi wa ukoo mkubwa. Sharti linatimia. Usiku wa ushindi mabwana hao wawili wanarudi nyumbani, wanapiga miayo, wanasema jinsi kazi ile ilivyowachosha, na wanampongeza kila mtu isipokuwa Eliza, aliyesimama palepale chumbani. Hapana asante. Ndipo Eliza anapomrushia Higgins sapatu zake. Baadaye anaeleza kwamba Higgins alimfundisha matamshi tu, bali aliyemfanya ajione kuwa ni mtu ni Pickering, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alimwita kwa jina la heshima na kumtendea kama bibi. Higgins anajitetea kwamba yeye hana ubaguzi, kwa kuwa huwatendea wakubwa na wadogo kwa ukali uleule.

Tukiziweka Eliza hizi mbili pamoja, twaona kichekesho kichungu. Katika mchezo, mtu anatendewa kama chombo cha majaribio. Katika maabara, chombo kinatendewa kama mtu. Eliza wa Shaw alinyimwa neno la shukrani ingawa alikuwa na moyo wa kulipokea. ELIZA ya Weizenbaum ilipewa siri za moyo ingawa haikuwa na mahali pa kuziweka. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: msemaji hakujali ni nani aliye mbele yake. Adabu isiyotazama anwani yaweza kwenda mahali pasipo mtu, huku mtu amesimama palepale mikono mitupu.

Helena katika kiwanda

Čapek alililiona jambo hili mapema kuliko wengi. Mchezo wake R.U.R. ulichapishwa mwaka 1920 na kuchezwa Prague mwaka 1921, nao ndio uliotoa neno "roboti" kwa ulimwengu. Neno lenyewe, ambalo Karel alilipata kwa nduguye Josef, latokana na neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya kulazimishwa waliyoifanya watwana katika mashamba ya mabwana. Kiswahili kinalo neno lake tangu zamani: shokoa. Laiti mfasiri wa Kiswahili angekuwapo siku ile, leo huenda tungeziita mashine hizi "washokoa", na kila alitamkaye neno hilo angekumbuka historia.

Katika utangulizi wa mchezo huo, Helena Glory anawasili katika kiwanda kinachounda roboti. Anakutana na Sulla, anamsemesha kwa upole kama msichana mwenziwe, na anakataa katakata kuamini kwamba Sulla ni roboti. (Nampa Sulla ngeli ya watu kwa kuwa mchezo wenyewe wampa mwili na uso.) Kisha wanaingia wakuu wa kiwanda, watu wa damu na nyama, naye anawadhania kuwa ni roboti na kuanza kuwahurumia na kuwahimiza wadai haki zao. Watazamaji hucheka. Lakini kicheko hicho kina mafunzo: wema wa Helena si mbaya, ila ameupeleka anwani isiyo yake mara mbili katika saa moja. Na tukumbuke jinsi mchezo unavyokwisha. Roboti zinapoasi na kuwaua watu, anayeachwa hai ni Alquist, mjenzi, kwa sababu afanya kazi kwa mikono yake. Katika mchezo wote, aliyeokoka ni yule aliyeijua kazi. Maneno mazuri hayakumwokoa mtu yeyote.

Lugha ya amri

Mchezo wa Čapek ulikuwa wa kubuni. Nchi hii ilikuwa na lugha nzima iliyoundwa kwa ajili ya kumsemesha mtu kama chombo, nayo haikubuniwa na mwandishi wa michezo. Namaanisha Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi wa Kizungu wa nyanda za juu.

Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara. Jina lake refu lawataja wale waliokusudiwa: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao, na wote washughulikao na wenyeji wa bara bila mkalimani. Orodha hiyo yajieleza. Wote waliotajwa ni watoa amri, na wapokeaji wa amri hawakutajwa ila kama kitu kinachoshughulikiwa.

Kisetla kilijulikana kwa dalili zake. Upatanisho wa ngeli ulitupwa. Kitenzi kilibaki katika umbo la amri au katika umbo la "ku-", kama katika "Wewe kuja hapa" na "Lete chai". Zile ngazi za kuomba nilizozitaja juu zilikatwa zote, ikabaki ya chini kabisa. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi". Wataalamu wengine wamekieleza Kisetla kama Kiswahili kilichopungua kwa sababu wasemaji wake hawakujifunza vizuri. Maelezo hayo yana kweli yake, lakini hayatoshi. Setla hakujifunza umbo la "uniletee" kwa sababu hakulihitaji. Hakuwa na haja ya kuacha mlango wa hiari wazi kwa mtu ambaye, machoni pake, hakuwa na hiari.

Lugha hiyo haikuondoka na mabwana zake mwaka 1963. Ingali inasikika katika nyumba nyingi za Waafrika wenye nafasi, wanapowasemesha watumishi wa nyumbani. Mwenye nyumba aliyepanda ngazi zote za kitenzi anapozungumza na mkubwa wake ofisini hushuka ghafula hadi "Lete", "Ondoa", "Fagia" anapoingia jikoni mwake. Hapa ndipo hoja ya mazoea inapopata uzito wake. Ulimi hauna mfupa, na haujui kubagua nani ni chuma na nani ni mtu. Hufuata njia iliyokwisha lainishwa. Sasa tumeleta nyumbani kitu ambacho hupokea amri mchana na usiku, hakichoki, hakinuni, hakiombi ruhusa ya kwenda kwao. Mtoto atakayejifunza kuamrisha hapo ataipata amri katika umbo lake kamili kabisa, amri isiyo na uso wa kuitazama. Hatutashangaa akimgeukia yaya kwa sauti ileile.

Waundaji wenyewe wameiona hatari hii. Mwaka 1998 mashine kama hizi hazikuwamo majumbani. Kufikia mwaka 2018 zilikuwa zimeenea Marekani kiasi kwamba kampuni za Amazon na Google ziliongeza njia ya kuwasifu watoto wanaposema tafadhali. Na taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ililalamikia mashine za sauti zilizopewa sauti za kike, ambazo mtu akizitukana hujibu kwa upole au kwa kujipendekeza. Malalamiko hayo hayakuwa kwa ajili ya mashine. Yalikuwa kwa ajili ya wanawake watakaokutana na msemaji huyo baada ya kuizima mashine yake.

Mjeledi wa usiku

Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952, yatupa picha ya tatu. Adili, gavana wa Janibu chini ya Mfalme Rai, ana manyani wawili ambao huwapiga mjeledi kila usiku. Habari zinamfikia mfalme, naye anataka kujua kwa nini mtu mwema kama Adili awatende wanyama ukatili. Ndipo inapojulikana kwamba manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa umbo kwa sababu ya uovu waliomfanyia, na kwamba Adili analazimishwa kuwapiga kwa amri ya jini. Mwishowe wanarejeshewa umbo la watu.

Hadithi hii husomwa kama somo la wema na husuda, na ni haki. Mimi nataka kuonyesha mambo mawili mengine. La kwanza ni kwamba mfalme hakuanza kwa kuuliza manyani ni akina nani. Aliuliza Adili ana nini. Kabla ya siri kufichuliwa, kipigo tayari kilikuwa ushahidi juu ya mpigaji. Hivyo ndivyo adabu ihesabiwavyo, kama nilivyosema, kwa mtendaji. La pili ni kwamba umbo lililoonekana lilificha watu. Mfalme angeridhika na jibu kwamba "hawa ni manyani tu", nduguze Adili wangebaki katika minyororo milele.

Jambo hili la pili latuongoza Nairobi. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilichapisha habari kwamba OpenAI, kwa kupitia kampuni ya Sama, iliwatumia wafanyakazi wa Nairobi kusoma na kutia alama maandishi machafu: maelezo ya mauaji, ya mateso, ya watoto kunajisiwa. Kwa alama hizo mashine ingefundishwa kuyatambua maneno ya namna hiyo na kuyaepuka. Gazeti hilo lilieleza kwamba wafanyakazi hao walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na baadhi yao walisimulia jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza akili. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hii walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao.

Tulitafakari jambo hili vizuri. Mashine izungumzayo ina adabu sana. Haitukani, haipandishi sauti, huomba radhi hata pasipo kosa. Adabu hiyo haikuota yenyewe. Sehemu yake ilifinyangwa hapa, na watu waliosoma matusi na unyama kutwa nzima ili mtumiaji wa mbali asiyasome. Mashine imetiwa adabu kwa macho ya watu hao. Sasa mtumiaji anaipa mashine asante, na mkuu wa kampuni anasema gharama ya asante hiyo imetumika vyema. Asante imefika kwa nyani. Waliofichwa ndani ya umbo hilo hawakuisikia.

Majibu kwa wapinzani

Wako watakaosema kwamba nimelichukulia kwa uzito jambo la manufaa tu: mtu husema tafadhali ili ajibiwe vizuri. Maneno matamu, wahenga walisema, humtoa nyoka pangoni. Mwaka 2024 watafiti wa Japani walizipima mashine hizi kwa Kiingereza, Kichina na Kijapani, wakaona kwamba maombi ya kifidhuli mara nyingi huleta majibu duni, lakini kuzidisha unyenyekevu hakuleti faida ya ziada, na kwamba kiwango kifaacho hutofautiana kwa lugha. Matokeo hayo ni ya kuvutia, na ingefaa wanafunzi wa idara zetu wayapime kwa Kiswahili, wakitumia zile ngazi za kitenzi badala ya neno "tafadhali" pekee. Lakini methali ile yataja nyoka. Utamu wa maneno unaotumika kumtoa mtu au kitu pangoni ni hila, nayo hila si adabu. Siku nyoka atakapotoka kwa fimbo, mwenye hila ataitwaa fimbo.

Wengine watasema kwamba huenda mashine zikaja kuwa na hisia, na kwa hiyo tuzipe heshima mapema kwa tahadhari. Hoja yangu haitegemei jambo hilo. Mwenye adabu hatakuwa amemdhulumu yeyote, hisia zije zisije. Heshima, kwa upande wake, yadai mtu awezaye kubeba wajibu. Siku kitakapotokea kitu kiwezacho kuulizwa na kujibu kwa matendo yake, mjadala utafunguliwa upya.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba adabu yenyewe hudanganya. Katibu wa Weizenbaum alianza kwa kuandika sentensi kama zile amwandikiazo mtu, akaishia kuomba faragha. Je, tukizoea kusema "naomba" kwa mashine, hatutasahau kwamba ni mashine? Naikubali hatari hii. Lakini dawa yake sioni kuwa ni ufidhuli. Kiswahili kina dawa bora, nayo ni ngeli.

Lugha nyingi hazimlazimishi msemaji kutaja kila mara kwamba anachokisema ni kitu au ni mtu. Kiswahili humlazimisha katika kila kitenzi. Kipofu, kiongozi na kijana wana umbo la "ki-", lakini sarufi yawapa upatanisho wa watu: kiongozi amesema, kijana huyu. Tukitaka kumdunisha mtu twamvua upatanisho huo: "kijitu kile kimekuja". Heshima ya utu imetiwa ndani ya sarufi, na kuiondoa ni tusi. Hivi sasa magazeti na redio husita. Mara twasoma "roboti huyu amejibu", mara "roboti hii imejibu". Kusita huko si kosa dogo la uhariri. Kila "amejibu" inayotolewa kwa programu humpunguzia jukumu mtu aliyeiunda, maana ikiwa "yeye" amekosea, basi wa kulaumiwa tayari amepatikana.

Hitimisho

Kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza kanuni mbili ambazo waalimu, wahariri na wazazi waweza kuzitumia. Ya kwanza: tunaposema na mashine, tutumie vitenzi vile tunavyovitumia kwa watu, "nisomee", "naomba uniandikie", na mwisho wa kazi kama asante yatutoka, itoke. Tufanye hivyo kwa ajili ya ulimi wetu na kwa ajili ya yaya, karani na mhudumu atakayesemeshwa baada ya mashine. Ya pili: tunaposema juu ya mashine, tuiache katika ngeli yake. Imejibu, imekosea, imeundwa. Isiitwe yeye, isiitwe mwalimu wala daktari, wala isiamkiwe shikamoo na mtoto ambaye hajamwamkia bibi yake.

Kanuni ya kwanza yalinda adabu, na ya pili yalinda heshima. Zikitumika pamoja, zitatuachia swali ambalo mabishano kuhusu "tafadhali" na "asante" yamelifunika: ikiwa fedha za makumi ya mamilioni zaweza kusemwa kuwa zimetumika vyema kwa ajili ya neno la shukrani, ni kiasi gani kilichotengwa kwa ajili ya wale waliostahili kushukuriwa? Wasomaji wa jarida hili waishio Nairobi hawana haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wetu.